Nusu Eka ya Mabingobingo

Jumatatu, 10 Februari 2025

Mabingobingo yamenizidi kimo! Nusu eka nzima, palipokuwa na maharage ya mke wangu Oliva. Kijiji chote cha Endasak kinalisha ng'ombe majani haya. Mimi nalisha mtambo wa gesi. Nimekata, nimejaza, nimetega sikio juu ya kifuniko. Kimya. Huko ndani kunatokea nini hasa? Natamani ningekuwa na dirisha.

Oliva amesema jumuiya yetu ya kanisa inasali kwetu tarehe nane Machi. Chai yao isipochemka kwa gesi, anang'oa majani yote na kurudisha maharage. Hatanii. Jembe keshalinoa.

Jumanne, 11 Februari

Kiberiti kizima kimeisha. Hata harufu hakuna. Fundi aliyejenga mtambo ameniuliza kwenye simu kama nilianza na mavi ya ng'ombe. Hakuniambia! (Aliniambia. Nilikuwa nampa ushauri.)

Ng'ombe ninao watatu, ila nilimpa jirani yangu Baltazar anifugie, na desturi ni moja: ng'ombe wangu, maziwa na samadi vya mfugaji. Nimemwendea. Nimempa shikamoo, ingawa ananizidi miezi miwili tu, nikaomba ndoo nne. Akauliza kwa upole kama maziwa pia nakuja kuyadai. Mchoyo huyo!

Jumatano, 12 Februari

Nimewaza. Desturi ni ya zizini, njiani haihusu. Nimewafuata ng'ombe wangu hadi mtoni na ndoo mkononi. Ajabu: ng'ombe akijua anasubiriwa, hanyi. Robo ndoo! Mwalimu Scolastica amepita, akauliza nimepoteza nini. Nikasema nafanya utafiti.

Ijumaa, 14 Februari

Akili ni nywele! Kwa nini niwafuate? Waje wenyewe. Nimetandaza mabingobingo kutoka njiani hadi mtamboni. Wakaja watatu wangu. Nyuma yao, kumi na mmoja wa Baltazar. Wakapita mtambo, wakaingia shambani. Jioni nusu eka ilikuwa visiki.

Lakini mavi! Ndoo ishirini na mbili, zote nimezimwaga mtamboni!

Jumamosi, 8 Machi

Umewaka! Moto wa buluu! Chai imechemka, jumuiya wamepiga vigelegele, Oliva amenitazama kama siku ya harusi. Nilikaribia kulia.

Ndipo Baltazar akasimama, akauliza samadi ile ilikuwa ya nani. Wazee wakashauriana hapo hapo, chai yangu mikononi mwao. Wakaamua: samadi ni ya mfugaji, popote inapoangukia. Kwa hiyo na moto ni wa mfugaji.

Alhamisi, 20 Machi

Perpetua, mke wa Baltazar, huleta makande yake kwetu asubuhi na jioni. Yakiiva, gesi imekwisha. Sisi tunapikia kuni. Oliva amepanda maharage kati ya visiki, yameota vizuri sana. Mimi hanisemeshi.

Nimelichunguza kosa langu, nimeliona. Mabingobingo ni magumu mno! Mtambo unataka jani laini, changa, linalooza upesi. Leo Oliva yuko gulioni Katesh. Nimechuma maharage kidogo shambani kwake, ya majaribio tu. Mistari minne. Akirudi atafurahi mwenyewe.