Imevunjwa na Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi wa majibu umeanza. Nimeomba nafasi ya shahada ya uzamili ya kemia katika vyuo vitatu, kwa mwaka wa tatu mfululizo. Mwaka juzi walinikataa. Mwaka jana walinikataa kwa adabu zaidi. Hayo ni maendeleo. Mwaka huu naingia, watake wasitake. Sina namna nyingine. Mkataba wangu wa ufundi wa maabara unaisha tarehe 31, na Profesa, mkuu wetu wa maabara, amesema wazi kwamba hautaongezwa.

Naishi kwa Dada, ambaye ni fundi cherehani. Nalala kwenye chumba anachopimia wateja nguo. Leo nimeamshwa na mama mmoja aliyetaka kujua kama sketi inamkaa vizuri. Nikasema inamkaa. Dada akasema nisimharibie kazi, inambana.

Silaha yangu ya mwaka huu ni barua ya mapendekezo. Profesa hana muda wa kuandikia watu barua, kwa hiyo alisema kila mtu aandike ya kwake, yeye atasaini. Nikajiandikia kurasa mbili. Nimejiita mwanakemia wa aina yake. Nimesema sijawahi kuvunja chombo. Nimesema nimebuni njia ya kutenganisha rangi za majani kwa dakika nne. Profesa alisaini huku akiongea na simu.

Jumanne, 4 Machi

Lazima nieleze habari za Jirani. Ni fundi mwenzangu, meza yake inapakana na yangu. Mtaratibu, hana makuu. Eti naye ameomba vyuo vilevile vitatu! Alipoambiwa ajiandikie barua aliona aibu kujisifu, akaniomba mimi nimwandikie. Mimi! Nikakubali kabla hajamaliza kuomba.

Nilimwandikia sentensi tatu tu. Anafika mapema. Anaosha vyombo vizuri. Anaandika alichokiona, si alichotaka kukiona. Yaani, kwa mwenye kuelewa, hana ubunifu hata chembe. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Haya yenyewe iliisha kabla ya chai.

Nimefungua barua pepe mara thelathini na moja. Hakuna kitu, ila duka moja la viatu linanitakia wiki njema.

Alhamisi, 6 Machi

Chuo cha Kwanza wamenikataa. Wanasema ushindani ulikuwa mkubwa. Nimesoma barua mara nne nikitafuta neno "labda". Halimo. Sawa. Viko viwili.

Jirani wamemkubali. Alikuja kuniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari za mgonjwa. Nikampongeza, meno yote nje. Kisha nikaenda kuosha bika, ikaniponyoka.

Nikaenda stoo kuiandika. Kuna daftari la vilivyovunjika, linaning'inia kwa kamba ukutani. Wenzangu wakivunja kitu, vipande huishia kwenye ndoo ya taka, chini ya karatasi. Mimi huandika. Si wema. Ni kwamba nikificha nashinda siku nzima na sura ya mwizi, na watu wananiuliza nimeiba nini. Nikaandika: Bika moja, mililita 250. Imevunjwa na mimi. Sababu: wivu. Mama Stoo, anayetunza vyombo vyote vya maabara, hakuinua hata macho. Akasema alikuwa ameanza kuwa na wasiwasi na afya yangu, wiki nzima sijafika.

Ijumaa, 7 Machi

Chuo cha Pili wamenikataa. Jirani wamemkubali.

Hilo ningelimeza. Lakini amenionyesha barua yake, bila ubaya wowote, na ndani wameandika kwamba kilichowavutia zaidi ni sentensi moja ya Profesa: anaandika alichokiona, si alichotaka kukiona. Wanasema mtu wa namna hiyo ni adimu.

Sentensi yangu! Nimekaa jioni nzima kutunga tusi, wao wamesoma sifa. Nilitaka kudai haki yangu, lakini ningeanzia wapi?

Nilimsimulia Dada. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja ndipo akajibu. Akauliza, kama Jirani amepita kwa sentensi tatu za kweli, kwa nini mimi nisijiandikie hata moja. Nikamwambia yeye hajui kemia. Akasema ni kweli, hajui, akarudisha pini mdomoni.

Jumatatu, 10 Machi

Chuo cha Tatu wananiita kwenye usaili! Jumatano saa nne, kwa video. Niliruka, nikagonga kichwa kwenye taa ya cherehani. Nilijua tu. Kurasa mbili haziwezi kwenda bure.

Tatizo ni chumba. Nyuma yangu kutaonekana futi za kupimia, magauni nusu nusu, na lile sanamu la kuvalisha nguo lisilo na kichwa. Mpango: kitambaa cheupe kutoka ukuta hadi ukuta, na koti la maabara limepigwa pasi. Wataona mwanasayansi kwenye chumba cha kisayansi.

Jumatano, 12 Machi

Usaili umefanyika. Naandika kwa mpangilio ili nisijidanganye.

Wasaili walikuwa watatu, mwenyekiti ni mama mmoja mwenye sauti ya upole. Dakika tano za mwanzo niling'ara. Kisha Dada akaingia akitambaa sakafuni ili asionekane. Kumbe kile kitambaa ni bitana ya mteja, na mteja alikuwa mlangoni. Dada akakivuta. Kikashuka chote. Wasaili wakajikuta wanatazamana na gauni jekundu lisilo na kichwa. Mimi nikajitia hamnazo.

Mwenyekiti akauliza nieleze ile njia yangu ya dakika nne. Nikasema ni siri. Akauliza tena, kwa upole uleule. Ukweli ni kwamba siku ile nilimimina spiriti nyingi kupita kiasi kwenye karatasi ya majaribio, na baada ya dakika nne rangi zilikuwa zimetengana na karatasi, si zenyewe kwa zenyewe. Nikasema utafiti unaendelea.

Akauliza kama ni kweli kwamba kwa miaka sita sijavunja chombo hata kimoja. Nikasema kamwe, nikanyoosha mkono kusisitiza, nikapiga glasi ya maji. Wote watatu waliisikia ikifika chini. Nikawaambia hiyo haihesabiki, ni ya jikoni.

Jioni wameandika. Nimewekwa kwenye orodha ya kusubiri, na watawasiliana na Profesa. Orodha ya kusubiri si kukataliwa! Mguu mmoja uko ndani.

Alhamisi, 13 Machi

Wamemwandikia Profesa. Wanataka barua nyingine, fupi, ijibu swali moja tu: mtu huyu akikosea, hufanya nini?

Nilikuwa ofisini kwake kabla ya kikombe chake cha kwanza, na jibu limeshachapwa, bado saini. Jibu lenyewe: Hakosei.

Safari hii Profesa alisoma. Alisoma herufi zote saba. Kisha akatafuta ile barua ya kwanza, akaisoma nayo, kurasa zote mbili, akavua miwani na kujisugua macho. Nilidhani ameguswa. Akasema hii ya pili ataiandika mwenyewe, na kwamba kesho asubuhi atapita stoo kuangalia daftari la vilivyovunjika.

Daftari! Miaka sita! Nimo karibu kila ukurasa. Kuna wiki moja nimo kila siku, na Jumamosi sikuwa hata kazini, nilipita tu kuchukua mwavuli.

Daftari hilo halitaiona kesho. Sikufika hapa ili niangushwe na kitu kinachoning'inia kwa kamba.

Ijumaa, 14 Machi

Saa moja kamili asubuhi nilifungua stoo kwa ufunguo wa akiba wa mafundi. Nikalikata daftari kwenye kamba, nikalitia ndani ya koti. Nikageuka. Kiwiko.

Flaski ya kioo ya lita moja. Ilikuwa ya mwisho.

Sasa naandika jambo ambalo hata mimi mwenyewe silielewi. Nilikuwa nimesimama na daftari kifuani, vipande miguuni, mlango wazi, hakuna mtu. Nilichotakiwa kufanya ni kuondoka. Miguu ikagoma. Nikalitoa daftari, nikapapasa kalamu, nikaandika: Flaski moja, lita moja. Imevunjwa na mimi. Sababu: nilikuwa naiba daftari hili. Nikatia saini, tarehe na saa. Nilikuwa napuliza wino ukauke Mama Stoo alipoingia, Profesa nyuma yake.

Profesa alilichukua daftari bila kuuliza. Alisoma mstari wa mwisho kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili. Kisha akaanza kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa.

"Hizi zote ni zako?"

Nikasema ndiyo. Sikuwa na nguvu ya kubuni kitu. Akamuuliza Mama Stoo, mbona hawa wengine hawamo.

"Wengine hawavunji kitu, Profesa," akasema Mama Stoo. "Vyombo vyao vinapotea vyenyewe."

Profesa akaondoka na daftari. Mimi nikapewa ufagio.

Yamekwisha. Nilimweleza Dada kila kitu. Hakunicheka wala hakunisema. Alilibeba lile sanamu akalipeleka chumbani kwake. Akasema, "Lala kwa nafasi, mdogo wangu." Hapo machozi yakanitoka. Niliitaka nafasi ile ya chuo. Niliitaka kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Alhamisi, 20 Machi

Siku sita, kimya. Nimeanza kuandika mpango wa mwaka wa nne. Sikati tamaa ng'o. Nitauza vifungo mlangoni kwa Dada huku nasubiri, lakini nitaomba tena.

Jirani amechagua Chuo cha Kwanza. Leo alikuwa anafungasha meza yake, nikaona nimwambie ukweli kuhusu ile barua, maana sura ya mwizi imenikaa tangu Machi ianze. Nikamwambia sikuiandika kwa nia njema. Akasema alijua. Akasema ndiyo maana aliniomba mimi na si mtu mwingine, kwa sababu alikuwa na hakika nisingemsifu bure, na kila nitakachoshindwa kukikana kitakuwa cha kweli.

Nimelifikiria hilo mpaka nimechoka. Nimeamua ni sifa.

Ijumaa, 21 Machi

NIMEKUBALIWA!

Chuo cha Tatu! Nimesoma mara kumi na mbili. Nimemsomea Dada, nimemsomea mteja aliyekuwa na mkono mmoja ndani ya blauzi, nimelisomea na sanamu.

Mwenyekiti ameandika mwenyewe. Anasema barua ya Profesa ilikuwa na picha moja na sentensi moja. Picha ni ya ule mstari wangu wa mwisho kwenye daftari. Sentensi ni hii: Akikosea, huandika.

Basi. Maneno mawili, baada ya kurasa zangu mbili! Mwenyekiti anasema mtu anayeandika kosa lake hata akiwa peke yake anaweza kufundishwa mengine yote, na kwamba ile njia ya dakika nne tutaianza upya, kwa spiriti kidogo, maana alishakisia kwamba nilizidisha.

Dada alisimamisha cherehani. Alinishika mashavu yote mawili kama nilipokuwa mdogo, akalia, akacheka, kisha akaniuliza nitahama tarehe ngapi, maana wateja wamechoka kuvulia nguo koridoni. Nalala na furaha ambayo sijawahi kuijua maishani mwangu.

Jumatatu, 24 Machi

Barua nyingine kutoka kwa mwenyekiti. Anachagua wanafunzi wawili wa kufanya kazi katika maabara yake mwenyewe. Wawili tu! Anasema lile daftari lilimpendeza, na amemwomba Profesa amtumie nakala ya ukurasa wa mwezi huu wote.

Daftari limesharudishwa stoo, nimekwenda kuutazama. Aibu tupu. Machi nzima nina vitu viwili, bika na flaski. Hapo mtu ataonaje ukweli wangu? Atadhani ile ilikuwa bahati. Na sasa nimeshaelewa wanachokitaka watu hawa. Wanataka mkweli, na mkweli anajulikana kwa wingi wa alivyovunja.

Mama Stoo alipokwenda kunywa chai, niliingia. Nikaongeza bika sita, mirija miwili ya bureti, na ile mizani mpya ya kidijitali. Zote: imevunjwa na mimi. Nikagawa tarehe vizuri, nikabadilisha kalamu mara tatu. Mkono ulisita kidogo kwenye mizani, nikaukaza.

Vitu vyenyewe nimevificha kabatini, vizima kabisa, nyuma ya ndoo. Nikiulizwa, nitasema ukweli. Nilivivunja mimi.