Kiti Pacha cha Bi. Tapscott

Jumatatu, 6 Mei 1974
Bahati hunifuata kama bata wa mtoni wanavyomfuata mwenye mkate. Leo mnadani hapa Ludlow, Uingereza, nimekipata kiti! Cha mikono, mahogani tupu, nakshi za kombe na majani yanayojikunja kama mawimbi; ule mtindo wa rokoko waliofufua enzi za Viktoria. Ni pacha wa kiti cha mjane Winifred Tapscott. Hiki changu kaka yake alikiuza siku mama yao alipozikwa. Mjane mwenyewe kasema wazi: atakayekirudisha ndiye atakayekikalia, kando ya moto wake, maisha. Pargeter, mwenye duka la vitu vya kale ng'ambo ya barabara, naye anamtaka. Pole yake! Nimesinzia kitini. Nimeota mvua dirishani, chai, kidole chake cha mguu kikigusa changu.

Jumanne, 7 Mei
Kiti cheusi mno. Nani achumbie kwa kiti cha masizi? Nimejaza ndoo magadi makali ya sabuni, nikasugua. Weusi ukateleza taratibu, kama usingizi. Pargeter akachungulia, akapiga kelele: wee Budgen, weusi huo ndio mali, acha! Wivu. Mimi niliyevuka bahari hadi Calais, Ufaransa, mara mbili nifundishwe mbao?

Alhamisi, 9 Mei
Kimekauka. Kimepauka kama samaki wa kuchemsha. Nimempelekea hivyo hivyo, na maua. Bi. Tapscott akakiweka karibu na chake. Chake kinang'aa kama asali gizani. Changu, mh! Akapapasa nakshi. Kisha akasema kwa upole: Bwana Budgen, weusi ule ulikuwa mikono ya mama, miaka yote aliyokishika. Umekichubua. Sasa si pacha tena. Pargeter, aliyekwisha kaa na kikombe cha chai (mshenzi!), akauliza kama kiti kimeona mzuka. Mjane akacheka na machozi yanamtoka. Nami nikacheka. Ningefanyaje?

Jumamosi, 11 Mei
Nimeota viti viwili vyeupe vikielea juu ya mto, mimi na Bi. Tapscott tumeshikana mikono. Nikaamka na jibu! Yuko kwa dada yake hadi kesho. Ufunguo kaniachia nimlishie paka. Hana kinyongo, mama wa watu. Paka kashiba. Kiti chake nimekipeleka uani. Magadi yamebaki nusu ndoo. Vikishafanana, atanikubali.