Doa kwenye Bawa la Nzi

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maabara katangaza: nafasi ya kwenda kuzungumza kwenye mkutano wa wanasayansi ni moja tu. Ataipata atakayeeleza kwa nini nzi wa matunda wa chupa za kushoto ana doa jeusi bawani, na binamu yake wa kulia hana. Tunaowania ni mimi na Kimya, dada wa meza ya pili, asiyesema mpaka aulizwe. Mke wangu nimeshamwambia nasafiri.

Jumatano, 5 Machi
Kazi rahisi. Nachukua jeni la rangi la Madoa, ndivyo nimwitavyo nzi mwenye doa, nalipandikiza kwa Msafi, yule asiye nalo, mahali pa lile lake. Doa likitokea, mchezo umekwisha. Nikamchokonoa Kimya, yeye anafanya nini. Akasema anachunguza kipande cha DNA kilicho kando ya jeni. Kando! Anamtafuta mpishi kibarazani. Nikamtia moyo aendelee, kwa nia mbaya kabisa.

Jumatatu, 31 Machi
Watoto wa nzi wangu wamekomaa. Mabawa hayana hata chembe ya weusi. Nimekodoa kwenye hadubini mpaka jicho likatoa machozi. Kisha nikafanya nilichopaswa kuanza nacho: kulinganisha majeni ya binamu hawa, herufi kwa herufi. Karibu sawasawa. Kumbe Msafi ana jeni la rangi hiyo siku zote. Mbona halitii rangi bawani? Chakula hakipiti. Si huzuni, ni hamu ya kujua.

Jumatano, 2 Aprili
Kimya kaniita mezani kwake. Msafi wake ana doa.
"Kaka, jeni sikuligusa," akasema. "Ni la kwake mwenyewe. Nimemwekea tu kile kipande cha kando, kutoka kwa Madoa."
Kipande hicho ndicho swichi. Kinaamua jeni lifanye kazi wapi, na lini. Binamu walitengana tangu enzi za mababu zao, swichi ya mmoja ikabadilika, jeni likabaki lilivyo. Nilikusudia kununa. Nikajikuta nimevuta kiti, nauliza maswali mpaka chai yake nikainywa mimi.

Ijumaa, 4 Aprili
Safari ni ya Kimya. Mke wangu kasema afadhali, bomba la jikoni linavuja.
Mchana mkuu kaleta nzi wa tatu, ndugu wa wale wawili, mabawa yamejaa madoa tele. Akauliza nani anamtaka. Nikawahi kunyoosha mkono. Huyu hanisumbui, jibu ninalo tayari: lazima jeni lake ni kubwa zaidi. Nimeanza kulipima.