Matusi Yangu ya Ukurasa wa 41

Soko la Dagaa, Kibirizi,
Kigoma.

Ndugu Mhariri wa Riwaya,

Pokea salamu za hapa mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Dagaa wapo, upepo upo, nami ni mzima isipokuwa heshima yangu. Naitwa Mwanaima, muuza dagaa, na ndimi yule "Bi Mwana" katika riwaya ya binamu yangu Nuhu. Nalalamika, kwa adabu zote, kwamba umefuta matusi yangu.

1. Ukurasa wa 41 Nuhu anachelewesha magunia yangu. Kwenye muswada nilimtukana mistari sita. Alinisomea mwenyewe, tukacheka hadi machozi. Wewe umeweka: "Ndugu Nuhu, kuchelewa kwako kumenisikitisha." Mhariri, tangu nizaliwe sijawahi kusikitika namna hiyo.

2. Wabeba mizigo wa hapa sokoni wamekisoma kitabu. Sasa nikiwafokea, wananiambia, "Mama, ongea kama kitabuni." Juzi gunia langu limelala kwenye tope wakisubiri nisikitike. Mcheza kwao hutunzwa, mimi nimenyang'anywa.

3. Kwetu binamu ni mtani. Mimi na Nuhu tunatukanana tangu tunaota meno, na binamu akikusalimia kwa upole, ujue kuna kesi. Shangazi Yunisi aliposoma kitabu chako aliitisha kikao cha ukoo kule Gungu ili kutupatanisha. Kuku alichinjwa. Nikaapa kwamba hatujagombana, wazee wakafungua ukurasa wa 41 kuwa ushahidi. Tukapeana mikono mbele yao kama maadui.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Ulimwandikia Nuhu kwamba mwandishi mstaarabu hatukani, naye amekuamini hata nje ya kitabu. Wiki ya tatu sasa anapita kwenye kizimba changu cha kuuzia dagaa na kusema, "Shikamoo, dada." Tumezaliwa mwezi mmoja! Nimemkosa binamu yangu, Mhariri, na kizimba chake kiko hatua kumi kutoka changu.

5. Kwa hiyo naomba toleo la pili lirudishe mistari yote sita, kwa herufi nene. Ninayo matusi mengine ya nyongeza, nitakupa bure. Sikuyaandika humu kwa sababu barua rasmi ina heshima zake.

Nisalimie wapiga chapa, walinzi wa getini, watu wa nyumbani kwako, na hata huyo aliyeshika kalamu nyekundu kama si wewe.

Ni mimi niliyesikitishwa kwa kulazimishwa,

Mwanaima

N.B. Kabla sijafunga bahasha nilimpa Nuhu anisahihishie. Aliisoma, akaikunja vizuri, kisha akanitukana mbele ya soko zima. Tusi jipya kabisa, linahusu pua yangu na linaendelea mpaka chini. Nimelia kwa furaha, wauza dagaa wenzangu wamepiga vigelegele. Anasema ataliweka ukurasa wa 41. Mhariri, nakusihi, hilo lifute. Wanangu wanajua kusoma.