Kila Mtu na Dirisha Lake

Kuanzia Jumatatu, ni marufuku mwananchi kuhama dirisha. Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni pa Kurugenzi ya Vibali vya Mazao, Sumbawanga, na Mkurugenzi Zenon akalisoma mara mbili kwa utamu wake.

Chanzo kilikuwa sayansi tupu. Tadei, fundi kompyuta, alimweleza kwamba ndani ya mashine mna prosesa kadhaa, yaani bongo zake, na kazi iliyoanzia kwenye moja hurudishwa hapo hapo kwa kuwa taarifa zake bado ziko karibu. Zenon akaona mwanga. Ufipa si ndivyo ilivyo? Ukienda dirisha jipya, karani anaanza upya: wewe wa Chala au Kaengesa, mtoto wa nani, bibi mguu umepona? Karani wako anayajua yote hayo. Tadei alikuwa akiongeza kwamba prosesa ikizidiwa kazi huhamishiwa nyingine, lakini bosi alishatoka kwenda kuandika amri.

Kuonyesha mfano, alijisajili mwenyewe dirisha la tatu, kwa karani Bertilla.

Bertilla akaenda likizo ya uzazi. Benchi lake likafurika hadi nje, huku makarani wa madirisha mengine wakicheza drafti kwa nidhamu ya hali ya juu.

"Baba, mahindi yangu yamenyeshewa kwenye lori," Avelina, mkulima wa Kaengesa, alimlilia Zenon. "Yameanza kuota. Si Cleophas wa dirisha la kwanza aniandikie tu kibali?"

"Shikamoo, mama. Cleophas hana taarifa zako. Na mahindi kuota ni dalili ya rutuba. Hongera!"

Mama wa watu akarudi benchini akifuta machozi. Inauma, ila utaratibu ulizingatiwa.

Wiki iliyofuata lori la Zenon mwenyewe, lililosheheni mahindi ya kuvusha mpaka wa Kasesya kwenda Zambia, likazuiwa kwa kukosa kibali. Mvua ikapiga siku nne mfululizo. Akamkimbilia Cleophas.

"Shikamoo, mkurugenzi. Mashine inakukataa. Wewe ni wa dirisha la tatu."

"Amri ni yangu! Naifuta!"

"Sawa kabisa, bosi. Maombi ya kufuta yanapokelewa kwenye dirisha la mwombaji. Umeandika mwenyewe."

Zenon akageuka kuelekea dirisha la tatu. Benchini, Avelina akasogea, akampangusia nafasi kwa khanga.

"Kaa, baba. Yako nayo yameota?"

"Yameota, mama."

"Hongera," akasema Avelina. "Rutuba hiyo."