Vifungo Sita vya Kuulizia

Jumatatu, 4 Machi
Mtihani wa kuzungumza Kiingereza ni Ijumaa. Nikifaulu, ofisi ya uhamiaji itapokea ombi langu la kumleta huku dada yangu mkubwa. Nikifeli, ni kusubiri mwaka mzima. Dada ana miaka themanini na mmoja.
Nimesoma vitabu katika lugha tatu, lakini maneno sita ya kuulizia yananipiga chenga. Sisi tunasema kwanza, swali linakuja mwishoni kwa adabu: unakaa wapi, umefika lini. Wao wanaanza na swali, kama askari. Leo nilitaka kumuuliza mwalimu anakaa wapi. Nikamuuliza yeye ni nani. Tumejuana tangu mwaka jana.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata njia! Koti langu lina vifungo sita. Cha juu, nani. Cha pili, nini. Kisha wapi, lini, kwa nini, vipi. Nikipapasa kifungo, neno linakuja. Fundi Saa, jirani yangu wa dawati, ameuliza mbona najikuna. Yeye alifaulu mwezi uliopita, bado anakuja darasani. Kuturingia tu.

Alhamisi, 7 Machi
Kifungo cha nne kimekatika kwa kupapaswa. Nimekishona. Sasa sikumbuki kama ni lini au wapi.

Ijumaa, 8 Machi
Chumba cha mtihani kina joto. Mtahini, mama wa makamo, akanisihi nivue koti, akalitundika mwenyewe nyuma ya mlango. Vifungo kule, mimi huku. Akataka nimuulize maswali matano.
Kichwa kitupu. Basi nikafanya tunavyofanya siku zote kabla ya shughuli yoyote: nikamsalimia. Habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za baba, za mama. Neno moja tu la kuulizia, lile la vipi, likanibeba safari nzima. Alipofika kwenye habari za mama yake akaongea dakika mbili. Sikuambulia kitu. Nikatabasamu, nikasema vizuri sana, vizuri sana.
Fundi Saa alikuwa nje ya mlango, amesikia yote.
“Mzee mwenzangu,” akasema, “mwenzio amekwambia mama yake yuko hospitali, hali mbaya.”

Jumatatu, 11 Machi
Nimefeli. Kuuliza, nusu. Kusikiliza, sifuri. Mwalimu amenipigania: nitarudia Jumatano, kwa mtahini yule yule, na ombi litangoja hadi siku hiyo.
Fundi Saa amejitolea kunifundisha kusikiliza, pole pole, jioni mbili. Nimemshukuru, nimekataa. Ana maringo.
Dada alipiga simu kuuliza aanze lini kufunga mizigo. Nimemwambia aanze na vitu vidogo.
Isitoshe, kosa nimeshaliona: nilisema vizuri mahali pa pole. Jumatano nitamsalimia vile vile, na chochote atakachojibu nitasema pole sana. Hata kama mama amepona.