Mbio za Barafuni kwa Glafira

Jumatatu, 22 Februari
Loo! Wageni wa mjini wamekuja na wazo: watu wakimbie juu ya Ziwa Baikal lililoganda, kutoka kwetu hadi kijiji cha Tankhoy ng'ambo. Eti wazo lao! Mimi na jirani yangu Prokopi tulikimbia juu ya barafu hiyo kila Jumamosi tukiwa vijana, kuwahi dansi, kumwahi Glafira, msichana wa huko. Prokopi alitangulia siku zote. Glafira akaolewa na mtu wa reli. Sasa ni mjane. Alhamisi wageni wanataka sisi wazee wawili tukimbie kwanza, kuonyesha ilivyokuwa, na Glafira atatungoja na chai. Safari hii lazima nifike kwanza. Lazima!

Jumanne, 23 Februari
Nilimshauri Prokopi apumzishe magoti yake. Akanicheka. "Wewe Kesha, ulizoea kuona kisogo changu. Utakiona tena."
Mshenzi.

Jumatano, 24 Februari
Njia ya barafuni tumeiwekea alama kwa misonobari tuliyoipamba Mwaka Mpya, kila nyumba imetoa wake. Niliuona wangu, utepe bado unapepea. Nikazikumbuka zile Jumamosi, kodiani ikisikika tangu mbali. Machozi yakanilenga. Halafu nikaanza kuing'oa miti na kuichomeka upya. Kuanzia katikati nimeipinda njia irudi kwetu. Prokopi akiifuata, atajikuta mlangoni kwake!

Alhamisi, 25 Februari
Nilimwagia ziwa tone la vodka, kama desturi. Iliyobaki nikajimwagia kooni mwenyewe. Prokopi mbele, kama kawaida. Katikati upepo ukavurumisha theluji, sikuona hata viatu vyangu. Ah, mti! Nikaufuata, na mwingine, na mwingine. Nikaona moshi wa nyumba. Nikapiga kelele, "Glafira, nimefika!"
Mbwa wangu akanibwekea.
Prokopi hakutazama mti hata mmoja. Aliuweka upepo shavu lile lile asipotee, kama zamani, akafika Tankhoy.

Ijumaa, 26 Februari
Glafira kavuka kwa pikipiki ya theluji na sufuria ya supu ya samaki. Prokopi kando yake kama bwana harusi! Nikamuuliza Glafira waziwazi kwa nini alimchagua yule wa reli. Akacheka. Eti sisi tulifika hoi, tukaketi karibu na jiko, na wimbo wa kwanza haujaisha tunakoroma. Wote wawili! Mwenzetu wa reli alikuja kwa treni, akawa na nguvu za kucheza.
"Na mimi nilikuwa nawangoja nyinyi, wajinga wangu," akasema.
Roho iliniuma mno. Miaka yote hiyo! Katualika chai Jumapili. Ila twende kwa treni. Atakayekuja mbio hafunguliwi mlango.

Jumapili, 28 Februari
Nimeelewa kabisa. Sikimbii tena maishani. Nimenyoa ndevu, tiketi iko mfukoni.
Nachungulia dirishani. Prokopi huyoo, kafunga tai, anawahi basi la kwenda stesheni. Katangulia tena!
Lakini treni hiyo inalizunguka ziwa. Kukatiza barafuni ni karibu zaidi. Viatu vyangu viko wapi?